Butoni Yenye Inakosa kwa Blouse Yako

Kavira, mutoto yangu,

Hii barua nimeiweka chini ya ile pagne ya kitenge ya kijani mu valise yako. Nakujua, wewe hapana mutu wa kufungua valise mbele ya batu mu njia, donc utaikuta kisha kupita Beni, na mimi nitakuwa hapa Vulamba, nimeikaa karibu na phonie, ile radio ya baba yako ya kuita batu ba mbali, kahawa imepoa. Leo umeenda kuaga bamama ba chorale. Wakati mulango umefunga tu nyuma yako, nikaita jirani wetu Mama Lwanzo akuye na karatasi na bic. Unamujua, maandishi yake ni ya muzuri, bwana yake ni mwalimu na yeye njo anasahihishaka devoirs za batoto wakati bwana analala. Ananiambia niende polepole, mukono yake itachoka. Mama Lwanzo, andika tu vile nasema, hapana tengeneza.

Kwanza, ile blouse yako nyeupe ya kazi. Butoni moja inakosa, ile ya tatu kutoka juu. Hapana tukana tailleur. Ni mimi. Tutafika pale, nipatie nafasi.

Sitakuambia mambo ya kuchemusha maji, wala kulala mu moustiquaire. Wewe njo infirmière, wa kutunza bagonjwa, mimi njo ningekuuliza. Nataka kusema juu ya juzi.

Juzi, wakati uliniambia umepata kazi ku hôpital ya Wamba, nilikuambia neno mbaya. Nilisema: "Ukienda kule Wamba, siku ile ile nitauzisha phonie. Hutanisikia tena." Na wewe ukaendelea kukunja nguo, hata haukunitazama, ukasema: "Uzisha, mama. Hatakosa mutu wa kununua." Tangu pale unanisalimia kama mugeni wa parokia. "Wavukire, mama," kisha unapita na ndoo. Mimi najibu, wewe umekwisha kufika ku mulango. Nyumba ni vyumba viwili, Kavira, na tumekuwa tunapitana ndani yake kama camion mbili ku njia ya matope.

Baba yako, Mungu amuweke pazuri, alisemaka mimi naweza kumaliza batterie ya camion na habari ya sombe tu. Ni kweli. Maneno niko nayo mingi. Lakini yenye nilikuwa nayo ya kukuambia juzi, ile haikutoka, ikatoka ile ya kuuzisha. Acha nianze mbali, utanisamehe. Njia yako ni ndefu, utapata nafasi ya kusoma.

Unajua baba yako alikuwaka phoniste wa mucuruzi moja wa kahawa. Kazi yake ilikuwa kuikaa mu depot na kuuliza Beni, Bunia, Isiro: camion imefika, camion haijafika. Vita ya kwanza ikakuya, mucuruzi akafunga depot akavuka Uganda, akamuachia baba yako ile machine ya zamani, ile yenye kona yake imevunjika. Bandugu bakamuambia auzishe. Yeye akaibeba ku kichwa kutoka muji wa Butembo mpaka hapa Vulamba, akaiweka juu ya meza yangu ya kukatia mboga. Akapandisha waya kati ya ile miti mbili ya kalitusi ya nyuma ya choo. Akaomba batterie ya kizee ku garage. Mimi namuangalia tu.

Nikamuuliza: "Sasa hauna patron, hauna camion. Utasema na nani?"

"Na mutu mwenye atajibu."

"Mutu mwenye humujui?"

"Njo maana inapendeza."

Bwana bengine beko na pombe ya kasiksi, bengine na mupira. Wangu alikuwa na sauti za mbali. Jioni anavaa koti, anaikaa, anazungusha machine polepole kama mutu anapapasa mugongo ya mutoto, na ile kelele ya phonie, shhh, shhh, kisha ndani yake mutu. Anageuka, macho yake inangaa: "Mama Kavira, nimepata Bafwasende. Kule mvua imekula daraja." Ungesema amepata zahabu. Daraja ya Bafwasende ilikuwa na faida gani kwetu? Lakini tulikula bugali siku ile tunaongea juu ya ile daraja, na mimi nikamuhurumia mutu wa kule, juu alisema baiskeli yake imebaki ngambo.

Mimi nilikuwa naogopa ile kitu. Sikusoma, unajua, baba yangu kule Kalunguta alisemaka shule ya binti ni shamba. Nikafikiri phonie nayo itaniomba karatasi. Baba yako akaniambia: "Hii haiombe kusoma. Inaomba masikio. Finya micro hapa, sema, malizia na 'à vous', ni kusema sasa ni zamu yako, kisha achilia."

Nikafinya. Nikaita Beni na sauti yote, mpaka kuku zikatoka mu jikoni. Nikaachilia. Sauti ya mwanamuke ikajibu, pole kabisa:

"Butembo, nakusikia hata bila phonie. Nilifikiri uko nyuma ya nyumba yangu. À vous."

"Uko nani? À vous."

"Niko Mama Zaituni, bibi ya mwenye macamion. Na wewe uko nani, mwenye sauti ya mutu anafukuza mbuzi? À vous."

Vile njo nilipata rafiki. Mama Zaituni ni mwislamu wa Beni, wewe ulimujua kama jina mu phonie mbele ya kumujua kama mutu. Miaka mingi tulisema kila asubui, yeye kule, mimi hapa, na hatujaonana. Mimi nilimuwaza munene, mweusi, na mikufu. Siku moja akashuka na camion ya bwana yake mpaka hapa Vulamba, akasimama ku kiwanja, mwembamba kama bic ya Mama Lwanzo, na kitambaa ya njano. Nikamuuliza: "Uko unatafuta nani, mama?" Akatikisa kichwa: "Kumbe ile sauti yote inatoka mu kamutu kadogo hivi." Tulicheka mpaka chai ikamwangika. Unakumbuka, ulikuwa unakamata sinia.

Sasa nikuambie namna yeye alinifunza. Kuna asubui moja nilikuwa ninamuelezea sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, vile batu ba kwetu banaitwanga na pilipili, kisha mawese, kisha samaki ya chumvi. Baba yako ananipungia mikono niache, mimi ninaendelea. Ninaendelea. Mwisho nikaachilia micro. Kisha Mama Zaituni:

"Umekwisha? Nilitaka kukuambia Zaituni amezaa. Amezaa wakati ulikuwa unatia chumvi. À vous."

Baba yako alicheka mpaka akatoka inje. Mimi nilipata haya. Juu wewe unajua ile machine: wakati unafinya micro, masikio inafungwa. Mutu anaweza kulia kule upande ingine, wewe huna habari, unasikia sauti yako tu inazunguka mu kichwa. Na juzi, Kavira, na wewe, nilifanya vile vile. Ulianza kusema, "Mama, kule Wamba bamasera baliniambia..." na mimi nikafinya. Sijui mpaka leo bale bamasera, batawa ba hôpital ya kule, balikuambia nini. Sijui juu ya nini Wamba na hapana hapa, mu hôpital ya karibu, ku batu bako. Nilisema yote mimi peke yangu, na wewe ukabaki unakunja nguo.

Mama Lwanzo anatikisa kichwa. Mama Lwanzo, andika, hapana tikisa.

Ile pagne yangu yenye butoni, batoto ba hapa banaiitaka pagne ya muchawi. Wewe unajua haina uchawi, mais hujui yote, juu ulikuwa mudogo. Baba yako alikuwa na tu-karatasi tugumu kama ya posta. Aliniambia ku inchi za mbali kuko batu ba phonie ya kupenda kama sisi, wakisikilizana basi wanatumiana karatasi: mimi fulani, wa muji fulani, nilikusikia. Yeye alipata moja ao mbili kupitia ku padiri, akazitundika ku ukuta. Kwangu zile karatasi zilikuwa bure, sijui kuzisoma. Nikasema mimi nitakuwa na zangu. Nikakamata pagne yangu ya ndoa, ile ya blue yenye iliungua kona, na kila mahali mupya penye nilisema nikajibiwa, nilishona butoni moja. Isiro ni ile nyeupe ya shati. Kisangani ni ya chuma, ya pantalon ya soda wa jeshi. Mama Zaituni alinitumia yake yeye mwenyewe na shofere, ya zahabu, anajipenda yule. Bafwasende ni ya mbao. Sasa usiku siwezi kusoma kitu, mais ukizimisha taa, vidole vyangu vinapita pale na vinajua: hapa Isiro, hapa Mahagi, hapa yule muzee wa Mambasa mwenye alikohoaka mbele ya kusema.

Na ya baba yako ilikuwa ya kahawia, kubwa, ya lile koti lake. Niliishona siku ya kwanza alinipigia kutoka Oicha. Alikuwa ameenda na baiskeli, akaomba phonie ya mutu, akaniita na jina yangu ya mu hewa, ile ya miti yetu, akasema tu: "Kalitusi, hapa ni bwana yako. Nimekula. À vous." Batu bote ba Beni na Butembo benye balikuwa mu hewa bakacheka. Bakaendelea kunisalimia vile wiki muzima: "Kalitusi, bwana yako amekula?" Mais mimi sauti yake ilikuwa haijaniingia vile hata siku moja. Mu nyumba sauti ya bwana ni kama ukuta, hausikii tena. Kutoka Oicha, mu ile shhh, nilisikia vile anavuta pumuzi.

Kisha ile vita ya pili. Unakumbuka basoda balianza kukusanya maphonie. Balisema kila mwenye phonie anaitia adui. Mama Zaituni alinipasha: "Kalitusi, mvua inakuya kwako, anua." Tukateremusha ile waya mpaka chini ya mabega, tukaifunga vizuri, na mimi nikatundika nguo zote za nyumba, na zako, na shuka, na kaniki ya jikoni. Machine tukaifunga mu sachet, tukaitia chini ya kitunga ya ile kuku nyeusi yenye ilikuwa inalalia mayai, tukairudisha na mayai yake juu.

Bakaingia watatu. Mukubwa akauliza na Lingala yake: "Mama, antenne ezali wapi?" Nikamuambia sijui antenne, niko na kamba ya nguo. Akainama, akapita chini ya shuka, kichwa yake ikagusa ile waya, akaitukana, akasema tutundike juu zaidi. Nikasema ndiyo, commandant. Moja akaingia jikoni, akaingiza mukono chini ya kuku. Unakumbuka vile alitoka, ananyonya kidole. Bakaenda. Baba yako akaniambia: "Ile kuku hakuna mutu wa kuila, mpaka ikufe na uzee." Na ilikufa na uzee, na machine mpaka leo ikipata moto inanuka kuku. Mama Zaituni alisema anasikia ile harufu mpaka Beni.

Nacheka, mais sasa niko naingia ku yenye ni nguvu. Wewe unaijua kwa upande wako. Nikuambie kwa upande wangu.

Baba yako akaenda Mambasa na baiskeli ya chumvi na sabuni. Akatuita kutoka kule, kwa yule muzee wa kukohoa, akasema amefika, amekula, atarudi. Kisha mapigano ikaanguka mu ile pori. Mambasa ikakauka mu phonie. Hata kukohoa haikusikika. Nilikuwa naita asubui, ninaita jioni, Mama Zaituni anaita, bashofere banaita. Maharagi yenye nilipanda siku aliondoka ikatoka, ikachanua, ikapata maganda. Batu benye balikimbia bakafika Beni na Oicha, bakahadisia vitu vyenye sitaki Mama Lwanzo aandike. Hakuna mwenye alimuona.

Bandugu ba baba yako bakakuya, bakaikaa hapa, bakaniambia: "Mama, tufanye kilio. Mutu hawezi kubaki bila kuliliwa." Nilichoka, Kavira. Kungoja inachokesha kupita kulima. Nikasema ndiyo. Nikakamata wembe, nikaleta ile pagne, nikakata uzi, nikatosha butoni yake ya kahawia, nikaitupa mu majivu. Nilifikiri nikiitosha nitalala.

Asubui nikaambia Mama Zaituni. Nikaachilia micro. Nikafikiri batterie yake imekufa. Kisha akasema: "Kalitusi, phonie yake imezima, na wewe ukasema yeye njo amezima. Mimi bwana yangu yuko mu njia miaka yote. Ningekuwa nakata uzi kila mara, ningekuwa natembea uchi. À vous." Nikazimisha machine. Niliona ni rahisi kwake.

Tulikuwa bado hatujaita batu ba kilio. Siku ya soko, saa ya kuteka maji, mutu akaingia ku kiwanja na suruali imefungwa na kamba, miguu imevimba kama ndizi. Sikumujua. Ni wewe njo ulimujua. Ulitupa ndoo. Baiskeli, chumvi, koti, vyote vilibaki mu pori. Aliikaa, akakunywa maji, akakunywa tena, kisha akaangalia ku ukuta penye pagne inatundikwaka, akaona zile nyuzi.

"Butoni yangu iko wapi?"

Nikamuambia: "Niliitosha."

Akasema: "Kumbe ulinizika na wembe."

Hakukasirika. Njo ilinikata. Nikaanza kulia, nikasema niliitupa mu majivu, nitashona ingine. Na wewe, na uniform ya shule, ukakimbia mu chumba ukarudi na trousse yako ya kalamu, ukaimwanga juu ya meza, crayon, gomme, na butoni ya kahawia. Uliichokora mu majivu siku ile ile na ukaichunga, hata mimi mama yako haukuniambia.

Baba yako akaomba sindano. Akaishona yeye mwenyewe, vibaya, njo maana ile moja imepindama. Kisha mu miaka yote yenye alibakisha, nikimukatalia kitu, anasema: "Hapana nikatalie, niliwahi kukufa." Na wakati alienda kweli, hapa ndani, mu kitanda yake, na mukono yake mu mukono yako, sikukata kitu. Butoni yake iko pale pale. Bakinizika, nitalala na ile pagne.

Siku ile sikukuuliza juu ya nini uliichunga. Mutoto mudogo hivi, batu bazima bote banasema amekufa, na wewe unatembea ku shule na butoni ya baba mu trousse. Ningekuuliza. Nilikuwa na haya.

Sasa unaona ile ya juzi ilitoka wapi. Ile njia ya Wamba, inapita Oicha, inapita Komanda, inaingia Mambasa. Ni ile ile. Wakati ulisema "Wamba", mimi sikusikia Wamba. Nilisikia ile kimya ya maharagi. Nikafikiri heri nikate sasa, na mukono yangu, kuliko kungoja ikatike. Nikakamata wembe mara ya pili, mutoto yangu, na wewe ungali mu nyumba, unakunja nguo. Mutu anafikiri amejifunza.

Donc nikuambie ile yenye nilipata, hata kama nimeisahau juzi. Ukiniita na sijibu, fikiri kwanza batterie. Kisha fikiri mvua, unajua radi ikikuya natosha waya. Kisha fikiri basoda, na ile kuku ingine yenye nimeanza kuchunga, ni kali pia. Kisha fikiri Mama yako amelala, amezeeka. Uko na vitu mingi vya kufikiri mbele ya kufika ku ile ya mwisho. Na mimi nitafanya vile vile juu yako. Hata maharagi ichanue na ivunwe, sitaita batu, sitashika wembe. Hii nimekuapia mbele ya Mama Lwanzo.

Na kama umekasirika tu, hautaki kusema, hiyo nayo ni kimya ya haki. Mais usiifanye ndefu.

Kuna kitu kimoja cha phonie nilikuwa sikielewe, na baba yako alinionyesha ku mutoni Kimemi. Kuna saa Beni, hapa karibu, haisikike kabisa. Unaita, unaita, kitu hakuna. Na saa ile ile Kisangani inaingia kama mutu mwenye ameikaa ku meza. Nilifikiri machine imeharibika. Baba yako akakamata jiwe ya bapa, akaitupa juu ya maji, ikaruka, ikaruka, ikaanguka mbali. Akasema: "Sauti inafanyaka hivi. Inaruka juu ya benye beko karibu." Nilicheka, nikasema ni ujinga ya sauti. Leo asubui ulipita na ndoo yako, "wavukire, mama," nikawaza ile jiwe. Banza labda sisi wawili tulikuwa karibu sana. Banza enda tu, Kavira. Banza kutoka Wamba nitakusikia vizuri kupita vile nilikusikia mu hii nyumba.

Camion ya bwana ya Mama Zaituni itakukamata Beni mpaka Mambasa, na pale batu ba hôpital batakungoja. Bamasera ba kule beko na phonie, nimeisikia, iko na sauti ya mu pua. Asubui, kisha misa, mimi nitakuwa ku meza. Kama Wamba haifike mpaka hapa, Beni itaisikia, na Mama Zaituni atanipitishia neno kwa neno, na ataongeza yake. Kama kuko bagonjwa mingi na huna nafasi ya kusema, finya tu micro mara mbili, bila neno, kisha uende ku kazi. Nitakujua. Kila mutu ana namna yake ya kufinya. Yako ni ya haraka, kisha inachelewa kuachilia, kama baba yako.

Na ile butoni. Niliikata leo, wakati ulikuwa unaoga, na meno, juu wembe sitaki kuuona. Mama Lwanzo alinisema: mama, mutoto atafika mbele ya bamasera kifua wazi? Nimekutilia épingle, pini ya kufungia, mu mufuko ya ile blouse, itakamata vizuri. Hapana shona ingine pale. Acha ile nafasi wazi. Batu bakikuuliza, uwaambie mama yako ni mwizi.

Niko nayo hapa mu mukono, ni ndogo, ni nyeupe, iko na matundu ine. Nimechagua mahali ku pagne, karibu na ile yenye imepindama. Siku utafinya, nitaishona. Mama Lwanzo amekwisha kunitilia uzi mu sindano, mimi macho yangu haione tena tundu yake, na sindano nimeichoma ku pazia karibu na phonie, inangoja.

Ulikuwa unataka kuniambia juu ya nini umechagua Wamba. Nimeachilia micro, mutoto yangu. À vous.